Zizi la Majaketi Saba

Mimi sikuzaliwa na maji, niliolewa nayo. Kwetu ni upande wa Bunda, kwenye pamba na ng'ombe, mahali ambapo maji yakipita goti mtu anaanza kumwita Mungu. Halafu akaja huyu Baltazari, mtu wa Kiriba, kifua kama mlango wa ghala, anacheka hata pasipo na kichekesho, akanichukua akanileta kwenye nyumba iliyo hatua chache tu kutoka ziwani. Mwaka wa kwanza nilikuwaga sioshi vyombo mwaloni, ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, bila kushikilia jiwe kwa mkono mmoja. Mawifi walinicheka mpaka wakachoka wenyewe.

Nasema haya mapema ili mjue anayesimulia ni mwoga. Sioni aibu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi kilio sikitaki kwangu.

Mume wangu anavusha watu. Mbele yetu kuna ghuba, na ng'ambo ya pili kuna kliniki, kuna soko, kuna barabara ya magari ya kwenda Musoma mjini. Kuzunguka kwa miguu ni nusu siku. Kwa mtumbwi wa Baltazari ni muda wa kusali rozari mbili. Injini hana. Ana kasia, ana mabega, na ana mdomo wa kupiga stori njia nzima. Miaka thelathini na moja amevusha wajawazito, walimu, mbuzi, na keki moja ya harusi iliyofika nzima, ambayo mpaka leo anaisimulia kuliko hata siku tuliyofunga ndoa.

Sasa mwaka huu, kabla ya mvua, akaja Naomi.

Naomi ni binti wa ofisi ya vyombo vya majini. Mfupi, amevaa buti za mpira kubwa kumzidi, kashika ubao wake wa kuandikia. Alitoa shikamoo kwa kila mzee, mmoja mmoja, soda akaikataa, kisha akawakusanya wenye mitumbwi wote pale mwaloni. Sisi wake zao tukasogea kama tunaosha dagaa. Dagaa gani, tulikuwa tunasikiliza.

"Wazee wangu," akasema, "mtumbwi unaobeba abiria ni chombo, na chombo kina sheria. Kinaandikishwa, kinapakwa namba ubavuni, mtu aisome kwa mbali. Ndani kuna kamba, kuna filimbi, kuna kopo la kutolea maji. Halafu jaketi okozi. Kila aliyemo anavaa, na mpiga kasia akiwemo. Nimekuta kwingine majaketi yako kabatini kwenye nailoni zake, yamefunikwa na kitambaa cha kufuma, yanasubiri mkaguzi kama mgeni wa Krismasi. Mimi siyo mgeni. Nataka niyaone mwilini, yamefungwa."

Watu wakacheka, maana kila mmoja alijua kabati analosema.

"La mwisho. Kabla chombo hakijaondoka, majina yanaandikwa kwenye daftari, chini inaandikwa jumla, na daftari linabaki nchi kavu. Mkichelewa, tujue tunamtafuta nani, na wako wangapi."

Aliposema hilo la wangapi, nilimwona Baltazari anageuza uso na kuangalia vilima vya ng'ambo.

Naomi akapima mtumbwi wetu kwa futi, akaandika, akasema huu ni wa watu saba, pamoja na mpiga kasia, asizidi hata mtoto. Atapitapita kuangalia maandalizi, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi atakuja kukagua rasmi. Mwenye mtumbwi atasimama yeye mwenyewe na kujibu maswali. Atakayeshindwa, mtumbwi wake unakaa mchangani mpaka atakapoweza.

Usiku huo mwenzangu hakumaliza hata ugali.

"Mama Magesa," akasema, "mengine yote nitafanya. Namba nitapaka, filimbi nitapuliza. Ila watu sihesabu."

Nilijua. Kabla hatujaonana, Baltazari akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, aliwavusha watu wa harusi. Alisimama kwenye ncha ya mtumbwi na furaha zake, akawahesabu kwa kidole na kwa sauti: mmoja, wawili, mpaka wanane, wa nane akiwa mdogo wake, Samwel. Upepo ukawapindua katikati ya ghuba. Waliofika ni saba. Mama yao alipokuja mbio mpaka mwaloni hakuuliza nani kafa. Aliuliza, "Nani aliwahesabu?" Kwao, kuhesabu watu kwa sauti ni kukiita kifo.

Niambie wewe, kijana wa umri ule anabebaje neno kama hilo? Mama yule alikuwa na uchungu, Mungu amsamehe, lakini neno likishatoka halirudi. Mume wangu amelibeba mpaka leo. Hahesabu abiria. Hahesabu watoto wetu. Hata vifaranga hahesabu, anasemaga tu "wapo." Mtumbwi umejaa au haujajaa, anaangalia ubao wa juu umebaki kiganja kutoka majini au haujabaki.

Na mimi sikumcheka, maana kwetu pia ndivyo tulivyo. Baba yangu hakuhesabu ng'ombe hata siku moja. Siku ile wa mahari yangu walipofika, wazee wa Kiriba walitaka wahesabu hadharani. Baba akasema thubutu. Akaegemea fito za zizi, akawaangalia muda wa kumaliza kiko kizima, halafu akasema, "Yule wa baka jeusi mgongoni hayupo." Wakaanza kuapa kwa majina ya mababu zao. Kumbe yule wa baka jeusi kabaki nyuma, yuko kwenye shamba la mtu anakula mahindi.

Kwa hiyo majaketi yalipokuja kwenye gunia kutoka mjini, saba, yote ya rangi ya chungwa, yote yenye kamba za kufunga kifuani, yote sura moja, mimi nilijua la kufanya. Baltazari aliyatazama kama mtu aliyeletewa vitoto vya bata.

"Baba Magesa," nikamwambia, "uliambiwa usitaje namba. Hakuna aliyekuambia usimjue nani hayupo."

Nikachukua vipande vya vitenge vyangu vilivyochakaa. Jaketi la kwanza nikalifunga kitambaa cheupe begani, nikaliita Paji-jeupe. La pili nikalifunga cheusi, nikaliita Baka, kwa heshima ya yule mla mahindi. Likafuata Madoa, Kijivu, Mkia-mfupi, na la sita lenye kitenge cha maua nikaliita Mama-wa-Maziwa. La saba, la kwake mwenyewe, nikaliita Dume. Nikapigilia misumari saba chini ya upenu, maana njia ya kutoka mwaloni inapita uani kwetu. Anayesafiri anachukua jaketi lake akishuka, anayerudi analitundika akipanda. Jioni mimi napitisha jicho mara moja tu. Sihesabu. Naangalia zizi.

Baltazari aliangalia misumari ile, akaniangalia mimi, akacheka kile kicheko chake cha tumboni. "Mke wangu," akasema, "ukipewa ziwa utalifuga." Nikafurahi siku nzima.

Ila nilikosea. Yale sita nilifunga vitambaa kwenye kamba zake kwa fundo. La Dume nilitaka lipendeze, liwe la bwana mkubwa, nikatafuta kitambaa chekundu kizito, nikachukua shazia, ile sindano ya kushonea magunia, nikalishona mgongoni mishono mikubwa mpaka ndani kwenye sponji. Naomi alipopita wiki hiyo akaligeuza mara mbili.

"Mama, nani kalichoma hili?"

"Kalichoma? Nimelishona. Hulioni lilivyo zuri?"

"Ni zuri sana, mama. Lakini umelitoboa. Maji yakiingia huku ndani, siwezi tena kuliamini kwamba litamwelesha mtu. Hili nalikataa."

Jamani, mngemwona Baltazari. Uso ulimng'aa kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa. "Aa, basi mimi sina," akasema. "Tutafanyaje? Sheria ni sheria."

"Basi na wewe huna safari, mzee wangu," Naomi akamjibu kwa upole, na kicheko kikamfia mdomoni.

Kesho yake nikapanda gari kwenda Musoma. Kifua cha mume wangu siyo cha kuokota popote. Nilizunguka maduka yote ya vifaa vya uvuvi mpaka nikapata jaketi kubwa, zito, na halikuwa na kamba kama yale mengine. Lilikuwa na mikanda mitatu yenye vishikizo vya plastiki kama vya begi la shule. Muuza duka alinifundisha mara tatu. Kufunga unachomeka, linalia tak. Kufungua usivute, ukivuta linazidi kukubana. Unabonyeza masikio mawili ya pembeni kwa vidole, linaachia lenyewe. Safari hii kitambaa chekundu nikakifunga kwa fundo, na shazia nikaificha mbali na mikono yangu.

Dume mpya akatundikwa. Na hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza.

Mume wangu kila asubuhi alikuwa analitoa msumarini, analiweka kwapani, anashuka nalo, na jioni analirudisha kavu. Mimi nikajua analivaa. Kazi yangu ilikuwa daftari. Nakaa kwenye jiwe la uani, naandika majina ya abiria, mwisho naandika la kwake, chini naandika jumla. Nikifika kwenye jumla anageuza uso anaangalia ndege. Nikisema "tayari" anageuka, anashuka na watu wake mtumbwini. Nilikuwa naona tumeshinda.

Mpaka Jumatatu aliponijia wifi yangu Yunis, dada yake wa kufuatana naye. Yunis hana siri hata ya dakika mbili, na ndiyo maana nampenda.

"Wifi, lile Dume lako ni zuri," akasema. "Kaka analikalia vizuri sana."

"Analifanyaje?"

"Analikalia. Tukishapita majabali, pale ambapo humwoni, analitoa kwapani analiweka chini ya makalio. Anasema mbao zinamuumiza."

Haki ya Mungu, damu ilinichemka. Nilimsubiri mlangoni na mwiko mkononi. Sikuwa na nia ya kumpiga, nilikuwa nasonga ugali, lakini sikuuweka chini pia.

"Baba Magesa! Unamkalia Dume?"

"Linanibana kwapa."

"Nimekupima kwa kamba ukiwa umelala! Halikubani popote!"

"Mtu kazaliwa ziwani, avae boya? Hata sato watanicheka."

"Wakucheke! Sato wote wa ziwa hili wakucheke mpaka waelee! Mimi naandika jina lako kwenye daftari la serikali kila siku kwamba uko salama, kumbe naandika uongo. Kila mtu kwenye zizi lako ana mahali pake. Wewe peke yako unalala nje na fisi. Na wewe ukitoka kwenye mtumbwi, hilo kasia atalishika nani? Yunis?"

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akaangalia mikono yake.

"Samwel hakuwa na jaketi, Rhobi," akasema.

Jina langu la nyumbani analitajaga mara moja kwa miaka mingi. Nikarudi jikoni nikalia, na alipoingia kuniuliza nikasema ni moshi. Naye akasema kweli kuni hizi mbichi. Kuni zilikuwa kavu kabisa, alizipasua yeye mwenyewe. Nilimpenda na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja, na kufika siku ya ukaguzi zilikuwa zimebaki siku nne. Mtumbwi ukizuiliwa, nilijua tutakula mihogo na tutaishi. Yeye akizama, mimi sikujua nitaishije.

Jumatano ni siku ya kliniki. Walishuka abiria sita asubuhi, Yunis akiwemo, wote wakachukua ng'ombe wao kwenye misumari. Baltazari akachukua Dume, akalitia kwapani, hakuniangalia usoni. Nikaandika majina. Nikaandika jumla. Nilipomaliza nilifunga daftari kwa nguvu, na nadhani alisikia.

Mchana nikaenda shambani kuchimba mihogo, juu, mgongoni mwa kilima. Saa tisa hivi upepo ukaja. Siyo upepo wa kuzoea. Ulikuja kutoka ziwani na vumbi na matone makubwa, ukalaza mahindi ya majirani, ukapeperusha kanga yangu mpaka kwenye mti. Nikaacha jembe hapohapo. Nikateremka nikiteleza, na kutoka uani kwetu mwalo hauonekani kwa sababu ya majabali, kwa hiyo kitu cha kwanza nilichotazama ni upenu.

Paji-jeupe yupo, anachuruzika maji. Baka yupo. Madoa, Kijivu, Mkia-mfupi, Mama-wa-Maziwa, wote wamelowa, wametundikwa ovyo ovyo na watu waliokuwa wanakimbia mvua.

Msumari wa saba ulikuwa mtupu.

Nielewe vizuri. Tangu jaketi lile liingie nyumbani, msumari ule haukuwahi kubaki mtupu watu wakisharudi. Dume lilikuwa linarudi la kwanza, kavu, kila siku. Nilisimama pale, uani hakuna mtu, njiani hakuna mtu, mvua tu. Nikamkumbuka baba yangu kaegemea fito. Kundi limerudi, dume hayupo. Kwetu huulizi, unajua.

Nilikimbia. Nina miaka arobaini na tisa na goti bovu, nilikimbia. Ndala moja ikabaki kwenye tope, ya pili nikaitupa mwenyewe. Nilikuwa nasali kwa kilugha cha kwetu, maana kwa Kiswahili maneno yalikuwa hayaji. Nilikuwa namwambia Mungu kwamba ile Jumatatu sikumaanisha, kwamba akae tu, akalie majaketi yote anayotaka, akalie hata daftari.

Nikazunguka majabali. Mtumbwi wetu ulikuwa umevutwa juu mchangani, kasia limelazwa ndani, kopo liko mahali pake. Mtu hayupo. Ziwa lilikuwa jeusi, linapiga jiwe hadi jiwe.

"Baba Magesa!" nikapiga kelele. "Baltazari!"

"Punguza sauti," mtu akasema.

Sauti ilitoka nyuma ya chanja za kuanikia dagaa. Nikaenda. Mume wangu alikuwa amechuchumaa pale, amelowa kuanzia kichwani, na kifuani amevaa Dume. Mikanda yote mitatu imefungwa. Imebanwa mpaka kidevu kimeinuka juu kama cha mtu anayenyolewa ndevu.

Nilimpiga. Nakiri. Nilimpiga kifuani kwa ngumi mbili, na jaketi lile ni nene, hakusikia chochote. Halafu nikamkumbatia na hilo jaketi katikati yetu, mikono yangu haikufika hata nyuma.

"Msumari mtupu!" nikasema. "Msumari wako mtupu! Nimeshakuzika mimi!"

"Najua. Ndiyo maana nilitaka niwahi kulirudisha." Akavuta mkanda mmoja. "Halifunguki."

"Nini halifunguki?"

"Hili. Nimevuta, linazidi kubana. Vijana wapo pale kwenye kibanda cha mafuta, nitaanzaje kuwaambia? Baltazari Majura, miaka thelathini na moja ziwani, kashikwa na begi la shule. Nikasema nitangoja giza."

Nilikaa kwenye mchanga uliolowa, nikacheka mpaka machozi yakachanganyika na mvua, na yeye akaniangalia kwa hasira kwanza, halafu naye tumbo likaanza kutikisika ndani ya jaketi. Lakini yeye aliacha kucheka mapema.

"Rhobi," akasema. Mara ya pili wiki hiyo. "Upepo ulitukuta katikati, palepale pa Samwel. Nikawaangalia watu. Paji-jeupe yupo, Baka yupo, wote wapo. Na mimi nimekaa juu ya Dume. Nikasema, mtumbwi ukipinduka, hili litaelea lenyewe. Litafika. Mtu mwema ataliokota, atalipeleka nyumbani, atalitundika. Wewe utatoka shambani, utapitisha jicho, utaona zizi limejaa." Akafuta maji usoni kwa kiganja. "Utaona zizi limejaa, utaingia ndani kunisongea ugali. Nikaona hapana. Hilo sikuweza. Nikamshikisha Yunis kasia, nikavaa."

"Ulimpa Yunis kasia?"

"Aliomba rehema kwa watakatifu wote, lakini alilishika."

Yeye akachezea kamba ya filimbi.

"Halafu nikawahesabu," akasema taratibu. "Kwa sauti. Nilijisikia nikianza, sikujizuia. Sita. Halafu nikajigusa hapa kifuani, nikasema saba."

"Mkafika wangapi?"

Aliniangalia moja kwa moja. Macho yalikuwa mekundu, na siyo ya moshi.

"Saba," akasema. "Tumefika saba, Rhobi. Nimehesabu na tumefika."

Nilimshika mkono nikampandisha nyumbani hivyohivyo, na Dume lake kifuani, katikati ya njia, mbele ya vijana wa kibanda cha mafuta. Mmoja akafungua mdomo aseme kitu. Nilimtazama, akaufunga. Tulipofika nikalitoa daftari pembeni ya kabati nikaandika chini ya yale majina ya asubuhi: wote wamerudi. Baltazari alikuwa anachungulia begani kwangu, na nilipoweka kidole kwenye jumla ile ya saba hakugeuza uso.

"Sasa nifungulie," akasema.

Na hapa nitawaambia ukweli ambao padri mwenyewe sijamwambia. Mimi nilifundishwa dukani mara tatu. Lakini nilimtazama mume wangu amesimama pale, mzima, kidevu juu, amefungwa sawasawa, na roho ikakataa.

"Mimi pia sijui linafunguliwaje," nikasema.

Akala ugali amelivaa. Tonge lilikuwa linazunguka mbali kabla ya kufika mdomoni. Tulipomaliza nikasema tusali, fumba macho, na alipofumba nikabonyeza yale masikio, tak, tak, tak. Akafumbua macho, akauliza nimefanyaje. Nikamwambia ni nguvu ya sala. Kwa mambo ya dini huwa habishi.

Ijumaa Naomi akaja na buti zake. Mwalo mzima ulikuwa pale. Akaisoma namba ubavuni, akavuta kamba, akapuliza filimbi mpaka mbwa wakabweka, akayakagua majaketi sita moja moja, vitambaa vya rangi vikamchekesha. Baltazari alikuwa amesimama karibu na mtumbwi, amevaa la kwake, amejifunga mwenyewe.

"Mzee," Naomi akasema, kalamu juu ya karatasi, "chombo chako kinabeba watu wangapi?"

Wanaomjua mume wangu wote wakanyamaza. Hata Yunis.

"Saba," akasema.

"Pamoja na wewe, au bila wewe?"

Akageuka akanitafuta kwenye watu mpaka akanipata.

"Pamoja na mimi," akasema. "Mimi ndiye Dume."

Watu wakaangua kicheko, na Naomi asielewe kitu, akaandika saba. Kisha akasogea, akasema, "Ngoja nione vishikizo kama vinafanya kazi," akanyoosha vidole viwili, akabonyeza. Tak. Kikaachia. Akabonyeza cha pili, cha tatu, jaketi likafunguka kama mlango. Binti alitumia mkono mmoja.

Baltazari akaangalia vile vidole. Halafu akainua kichwa polepole, akaniangalia mimi.

"Mama Magesa," akasema, "nguvu ya sala?"

Nikaanza kuosha dagaa ambao hawakuwepo.

Siku hizi asubuhi anajifunga mwenyewe, tak mara tatu, kabla hata hajafika kwenye majabali. Kufungua anajua vizuri kabisa, Yunis ameshamwona akiwafundisha watoto wa shule ng'ambo ya pili. Lakini jioni, abiria wakishatundika ya kwao, yeye anapanda njia akiwa bado amelivaa. Anakuja anasimama mbele ya msumari wake mtupu, anainua mikono juu, ananiita.

"Mama Magesa, njoo. Hili limenishinda."

Naacha ninachofanya, nakwenda kumfungulia.